Mdogo wangu yuko jela ya kaunti Houston: nitampataje, nitamtumiaje pesa, naweza kwenda kumwona?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Houston. Sisi ni Wakongomani, tulikuja Marekani tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Jumamosi usiku mdogo wangu aligombana na mkewe, majirani wakapiga 911, polisi wakamchukua. Simu yake imezimwa. Naandika jina lake kwenye tovuti ya sherifu, halitokei. Mama yetu bado yuko Nyarugusu, hajalala tangu asikie, anataka kuongea naye. Wazee wa kanisa wamesema watakwenda kwa shemeji wamwombe afute kesi. Nifanyeje nimpate, nimtumie pesa, nikamwone? Naogopa pia mambo ya uhamiaji, maana ana grini kadi tu.

JIBU: Pole sana dada. Nitaanza na la wazee wa kanisa, ingawa wewe umelitaja kama jambo la pembeni, kwa sababu hilo linaweza kumharibia mdogo wako kuliko hata kilichotokea Jumamosi. Wapigie kabla hujaendelea kusoma, uwaombe wasiende.

Huku kesi ya kumpiga mke ni ya Jimbo la Texas, na hata kwenye karatasi za mahakama imeandikwa hivyo: Jimbo la Texas dhidi ya fulani. Shemeji yako ni shahidi, hana uwezo wa kuifuta. Anayeamua iendelee au iishe ni mwendesha mashtaka. Shemeji akiwa na lake la kusema, anaweza kwenda mwenyewe, kwa hiari yake, akalieleza kwa mwendesha mashtaka au kwa wakili, na mawakili wa Texas wana hati ya kiapo wanayoitumia kwa shughuli hiyo. Lakini kile kikao chetu tulichokizoea, wazee wakae sebuleni, mke abembelezwe, mume atozwe faini, watu wale pilau waagane kwa sala, machoni pa mwendesha mashtaka kinaweza kuwa kumshawishi shahidi anyamaze. Hilo ni kosa la jinai, tena litawaangukia wazee wenyewe waliokwenda kwa nia njema.

Kuna jambo la pili linaloendana na hilo. Mtu aliyekamatwa kwa ugomvi wa nyumbani anapofikishwa mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza, hakimu anaweza kutoa amri ya zuio ya dharura, na hutoa mara nyingi. Kwa kawaida hudumu kati ya siku 31 na 61, na kama silaha ilihusika huenda mbali zaidi. Amri hiyo humkataza kusogelea nyumba au kazini kwa mkewe, hata kama nyumba ni yake na kodi analipa yeye, na inaweza kumkataza kuwasiliana naye kwa njia yoyote isipokuwa kupitia wakili. Kwa hiyo siku atakayokupigia akakwambia “mpe simu mke wangu kidogo tu,” usimpe. Akikwambia “mwambie anisamehe,” usiipeleke salamu hiyo. Kwa mtu asiye raia, kuvunja amri ya namna hii kunaweza kuwa sababu tosha ya kufukuzwa nchini hata kama kesi yenyewe ya ugomvi ingekuja kuisha.

Nasema kwa ukali kwa sababu simu za jela hurekodiwa zote, isipokuwa zile za wakili ambaye namba yake imesajiliwa kama ya wakili. Mimi kazi yangu ni ukalimani wa mahakama, si wakili, na sehemu ya kazi hiyo ni kuvaa vipokea sauti nikatafsiri mazungumzo haya neno kwa neno. Mwanzo huwa ni uleule: sauti ya mashine inatangaza kwamba simu inatoka jela na inarekodiwa, anayepigiwa anabonyeza namba kukubali, wanasalimiana, wanaulizana watoto. Dakika ya tatu au ya nne mmoja anasema “hapa tuongee Kiswahili hawatuelewi,” kisha yanafuata maneno ambayo hayakupaswa kutoka kabisa. Kirundi, Kibembe, Kifuliiru, Kiswahili cha Uvira, wote wana wakalimani. Ongea naye kuhusu afya, chakula, watoto, kazi yake, Mungu. Usiku wa Jumamosi aumweleze wakili peke yake.

Sasa kumpata. Jina kutotokea si ajabu, hasa kwa watu waliopita kambini. Majina yetu matatu yalipangwa upya na kila ofisa aliyetushughulikia, na kwenye kompyuta ya polisi la ukoo linaweza kuwa limekaa mahali pa la kwanza. Chukua grini kadi yake au leseni, andika kama ilivyoandikwa pale hata kama wewe unajua ni kosa. Halafu geuza majina. Tumia tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye kadi, ile ya Januari 1 waliyopewa wakimbizi wengi. Kumbuka pia kwamba Houston aliyekamatwa hupelekwa kwanza kwenye kituo cha kuandikisha kinachotumiwa na jiji na kaunti ya Harris kwa pamoja, na kuandikishwa kunaweza kuchukua saa nyingi kabla jina halijaonekana. Ikiwa mdogo wako anaishi pembezoni mwa jiji, angalia na Fort Bend na Montgomery, kwa maana Houston inavuka mipaka ya Harris, na kila sherifu ana jela yake, tovuti yake na masharti yake.

Ukimpata, andika namba yake. Harris wanaiita SPN na ni ya mtu huyo daima, haibadiliki. Kaunti nyingine hutumia namba ya kuandikishwa ambayo hubadilika kila mtu anapokamatwa. Bila namba hiyo pesa zinaweza kwenda kwa mtu mwenye jina kama lake na barua zikarudi. Ukiwa nayo, jiandikishe bure kwenye huduma ya kuarifu habari za mahabusu upate ujumbe wa simu akihamishwa au akiachiwa. Harris imewahi kupeleka mahabusu wake mbali, hadi Louisiana na Mississippi, kwa sababu ya msongamano, kwa hiyo usidhani kwamba aliyekuwepo jana yupo leo.

Umegusia uhamiaji mwishoni, mimi nauweka kabla ya pesa yoyote. Usilipe dhamana mpaka umejua kama ICE, yaani idara ya uhamiaji inayokamata na kufukuza watu, wamemwekea zuio lao, ambalo si ile amri ya zuio ya hakimu. Ni karatasi wanayoitumia jela wakiomba wasimwachie moja kwa moja bali wamshikilie hadi saa 48 zaidi ili waje kumchukua. Texas tangu sheria ya jimbo ya 2017 jela zinatakiwa kuliheshimu. Nimeona familia zikichanga kanisani, zikauza gari, zikalipa dhamana Ijumaa, na mtu akatoka mlango wa nyuma kuingia kwenye gari la ICE. Pesa aliyolipwa mdhamini wa kibiashara, yule anayekuwekea dhamana kwa ujira, hairudi. Mwombe wakili aulize jela kwanza. Hata mdhamini mwenyewe anaweza kuuliza, ingawa yeye ana haraka ya biashara yake.

Mwenye grini kadi hapokonywi kwa kukamatwa tu. Kinachomtia hatarini ni hukumu ya ugomvi wa nyumbani, na hapo kuna mtego ambao watu wetu wengi huingia kwa miguu yao. Baada ya majuma kadhaa ndani, anaambiwa: kubali kosa, siku ulizokaa zihesabiwe kama adhabu, utoke leo. Au: kubali, jaji asikuhukumu sasa, ukae chini ya uangalizi, mwisho kesi ifungwe. Kwa sheria za Texas hilo la pili linaweza lisiitwe hukumu. Kwa sheria ya uhamiaji, kule kukubali pamoja na masharti uliyowekewa ni hukumu. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakubali kosa. Ulizeni hivyo hivyo kwa maneno hayo: “Akikubali hili, litamfanya nini upande wa uhamiaji?” Jibu likiwa ni kuinua mabega, tafuteni wakili wa uhamiaji alitazame kabla ya saini.

Wakili wa jinai atapewa na kaunti kama hana uwezo wa kulipa. Aliyekamatwa anatakiwa kufika mbele ya hakimu ndani ya saa 48, na hapo huulizwa kama anataka wakili wa bure. Wengi wetu kwa aibu husema “nitajitegemea.” Asiseme hivyo. Aombe pia mkalimani, na aseme wazi ni Kiswahili cha Kongo. Wakalimani wengi wa Kiswahili ni Wakenya au Watanzania, wazuri sana, lakini Mkongomani akisema “alinipika” kwa maana ya “alinipiga,” mkalimani wa Mombasa anaweza kuwaza jikoni kabla ya kuwaza kipigo.

Kuhusu ubalozi: chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, mgeni anayeshikiliwa lazima aambiwe kwamba anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Kwa raia wa Tanzania jela inatakiwa kuujulisha ubalozi hata bila yeye kuomba. Kwa raia wa Kenya, Uganda au Kongo ni mpaka aombe. Mdogo wako aliingia kama mkimbizi aliyeikimbia nchi hiyohiyo, basi asiombe kabla ya kuongea na wakili.

Ikitokea ICE wamemchukua, hatakuwa tena kwenye orodha ya sherifu. Utamtafuta kwenye mfumo wa ICE wa mtandaoni kwa ile namba inayoanza na herufi A iliyoko kwenye grini kadi, pamoja na nchi aliyozaliwa. Hapa waliotoka Nyarugusu hukwama: uraia ni Kongo, lakini kama alizaliwa kambini, nchi ya kuzaliwa huenda imeandikwa Tanzania. Jaribu zote mbili. Kutoka Houston wengi hupelekwa kituo cha ICE kilichopo jijini humo au vile viwili vya Conroe, mwendo wa kama saa moja kaskazini.

Pesa. Kuna mifuko mitatu na kila mmoja uko mbali na mwenzake: dhamana, akaunti ya duka la jela, na akaunti ya simu. Ukiweka dola 100 kwenye duka ukidhani atakupigia, anaweza kukaa wiki nzima bila kupiga.

Dhamana ukilipa taslimu yote mwenyewe, hurudishwa kwa jina la aliyelipa kesi ikiisha, ikiwa mshtakiwa amehudhuria tarehe zote, baada ya makato ya mahakama. Ukipitia mdhamini unalipa sehemu, kwa kawaida kama asilimia 10, na hiyo ni ujira wake. Soma unachosaini, kwa sababu mtu asipotokea mahakamani mdhamini atakugeukia wewe.

Akaunti ya duka ndiyo ya sabuni, soksi, stempu na zile tambi za pakiti ambazo mle ndani ni kama sarafu. Jela huwa na mashine ya kuwekea pesa pale mapokezi, na kampuni iliyopewa kazi ya kupokea pesa mtandaoni, kwa mfano JPay au Access Corrections. Ingia kwenye tovuti ya sherifu, ufuate kiungo kilichopo pale. Usibofye tangazo la juu la Google. Kila muamala una ada yake, basi dola 40 mara moja ni nafuu kuliko dola 10 mara nne. Anza kidogo, kwa sababu baadhi ya jela hukata deni lake kwanza, la matibabu au la vifaa, na unaweza kutuma 50 akapata 25. Wala usimjazie. Mwenye akaunti nono hupata marafiki wengi ghafla. Taslimu usitie kwenye bahasha kamwe, na ndugu walioko Tanzania au Kongo wakitaka kuchangia, wakutumie wewe, wewe ndiye uweke. Kadi ya benki ya kule mara nyingi hukataliwa.

Akaunti ya simu unafungua wewe, kwa namba yako, kwenye kampuni inayohudumia jela hiyo, ambayo mara nyingi ni Securus au ViaPath, zamani ikiitwa GTL. Hakuna kumpigia yeye. Yeye ndiye hupiga. Siku hizi mbili tatu pokea kila namba usiyoijua, usikilize mpaka mwisho, maana mashine huanza kwa Kiingereza na watu hukata wakidhani ni matangazo. Bei kwa dakika huonyeshwa kabla hujalipia. Januari 2023 ilisainiwa sheria ya Martha Wright-Reed, yenye jina la bibi aliyepigania nafuu ya simu alizokuwa akipigiwa na mjukuu wake gerezani, na kwa sheria hiyo tume ya mawasiliano imepewa nguvu ya kuweka ukomo wa bei hata kwa simu za ndani ya jimbo.

Sasa mama. Najua utakachofikiria, kwa sababu kila familia hukifikiria: apige kwako, wewe uunganishe WhatsApp ya Nyarugusu upande wa pili. Usifanye. Kuunganisha mtu wa tatu kumekatazwa karibu kila jela, mfumo hutambua mlio wa kuunganisha na kukata, na namba yako inaweza kufungiwa, mkabaki bila njia yoyote. Kushika simu nyingine mbele ya kamera wakati wa kuonana kwa video nako ni vilevile. Mama akwambie maneno yake wewe, uyaandike, umsomee mwanawe. Mwambie mama pia kwamba jela ya kaunti ni mahali pa kusubiria kesi na vifungo vifupi. Wazazi wengi kule wakisikia jela wanawaza mtu amekwisha.

Barua hufika, na hutunzwa. Andika jina kama lilivyo kwenye orodha pamoja na namba yake, na anwani yako ya kurudishia. Bila manukato, bila stika, bila rangi ya midomo. Angalia anwani kwanza, kwa sababu jela kadhaa sasa barua huenda kwa kampuni ya jimbo lingine, ikaskaniwa, naye akaisoma kwenye kioo cha tableti. Biblia au kitabu kitoke dukani au kwa mchapishaji, kipya, cha jalada laini.

Kumwona inawezekana. Sheria ya Texas ya 2015 inataka mahabusu apate angalau nafasi mbili za kuonana ana kwa ana kwa wiki, dakika 20 kila moja, isipokuwa kaunti kadhaa zilizokuwa zimeshajenga mfumo wa video. Ana kwa ana hapa ni kwa kioo katikati na mkono wa simu, hakuna kukumbatiana. Siku hutegemea jengo na bloku anayolala, kwa hiyo angalia ratiba asubuhi ya siku unayokwenda. Chukua kitambulisho cha serikali ambacho hakijaisha muda. Gauni la kitenge lenye mikono ni sawa, lakini mabega wazi, suruali ya kubana na nguo inayoonyesha watarudisha. Hijabu huruhusiwa, ila huenda ukakaguliwa na askari wa kike. Simu iache kwenye gari. Watoto wake usiwapeleke kwanza mpaka wakili asome ile amri ya zuio, maana inaweza kuwataja na wao.

Na jambo lisilosemwa sana: anayeingia kuona mtu huweza kukaguliwa kwenye kompyuta kama ana hati ya kukamatwa, hata ya faini ya barabarani iliyosahauliwa. Mwenye deni hilo alimalize kwanza. Asiye na karatasi za kukaa nchini abaki nyumbani.

Hapa ndipo wazee wa kanisa wanafaa. Mchungaji anaweza kuomba ruhusa ya kumwona kama kiongozi wa dini, kwa barua ya kanisa, na kwa kawaida ziara hiyo haihesabiwi katika zako. Waislamu vivyo hivyo kwa sheikh wao. Aende akaombe naye, kesi aiache nje.

Kama mdogo wako ana kisukari, presha, selimundu au anatumia dawa za akili, piga leo kitengo cha afya cha jela. Hawatakwambia hali yake bila idhini yake, lakini taarifa watazipokea: jina la dawa, kipimo, duka la dawa alikochukulia. Dawa za nyumbani kwa kawaida hazipokelewi.

Orodha za waliokamatwa ziko wazi kwa kila mtu, na matapeli huzisoma. Atakayekupigia akijiita afisa wa sherifu, akitaka ulipe dhamana kwa Zelle, Cash App au kadi za zawadi, kata simu.

Siku ya kutoka haitangazwi saa. Mara nyingi ni usiku wa manane, simu yake haina chaji, na nguo ni zilezile za Jumamosi. Ujumbe wa ile huduma ya kuarifu ukiingia, mtu awe tayari na gari, na asimpeleke kwake ikiwa amri ya zuio bado ipo. Salio la duka wengi hupewa kwenye kadi ya malipo inayokatwa ada kadiri inavyokaa, kwa hiyo aitumie yote mapema, na karatasi ya tarehe ya mahakama uipige picha humo humo garini.